Mwanangu Aligawiwa Kwenye Kabare Yangu

Nina miaka thelathini na mmoja. Nimeolewa mara moja, nimezaa mara moja, na leo ninaishi peke yangu katika chumba cha kupanga Area 36, hapa Lilongwe. Asubuhi ninakwenda kwa miguu hadi Area 49 kuwafulia watu nguo, jioni ninarudi na mikono iliyokwajuka kwa sabuni. Hayo ndiyo maisha yangu.

Ndugu wasomaji, majina nimeyabadilisha yote. Mambo yenyewe sikuyabadilisha hata kidogo... laiti ningeweza!

Nilizaliwa kwenye vilima vya juu ya Rumonge, Burundi, baba yangu akiwa mkulima wa michikichi. Nilipotimiza miaka ishirini na miwili nikaolewa na Leonidas, fundi mwashi, mtu mchangamfu, mcheshi, ambaye akiingia mahali hata wagonjwa wanacheka. Tukapata mtoto mmoja, msichana, tukamwita Aline.

Vita vilipotukuta, mama yangu mzazi alikuwa kitandani, hawezi kusimama. Tukakubaliana Leonidas atangulie Malawi na mtoto, mimi nibaki na mama mpaka Mungu atakapoamua. Aline alikuwa na miaka miwili na nusu. Nilimfunga mgongoni mwa baba yake kwa mkono wangu mwenyewe, nikakaza fundo mara mbili asije akaanguka.

Mama aliaga dunia baada ya wiki sita. Tulimzika mimi na jirani mmoja tu, kisha nikaanza safari. Tanzania nzima niliipita kwa kuomba lifti na kulima mashamba ya watu, mpaka nikaingia Malawi kwa upande wa Karonga. Miezi minane baadaye nikafika Dzaleka, kambi ya wakimbizi.

Wanaoijua Dzaleka wanajua. Zamani ilikuwa gereza, nasi tukapewa kuwa kwetu. Upepo wa mwezi wa sita pale unakata kama kisu. Lakini mimi siku ile sikuona gereza wala sikusikia upepo. Nilimwona Leonidas amesimama kwenye foleni ya mahindi, na pembeni yake Aline, mzima, mnene kidogo! Nilipiga kelele mpaka walinzi wakaja mbio.

Sasa sikilizeni vizuri jambo hili, maana ndipo kosa lilipoanzia. Leonidas alipofika aliandikishwa yeye na mtoto, mke hajulikani alipo. Mimi nilipofika nikaandikishwa kama mgeni mpya, nikapewa kadi yangu peke yangu. Tulikuwa mume na mke ndani ya nyumba moja ya udongo, lakini kwenye karatasi alikuwa mwanaume mwenye mtoto asiye na mama, na mimi mwanamke asiye na mtu.

Nilimwambia tuziunganishe kadi. Akasema tutaziunganisha. Mwezi ukapita. Nikamkumbusha, akasema foleni ni ndefu. Nikamkumbusha tena, akacheka, akaniuliza kama nadhani karatasi ndiyo iliyonioa. Nikacheka na mimi. Kwa nini nilicheka?

Kabare yangu, yaani kilabu changu cha pombe, ilianza kwa msiba. Mzee mmoja wa kwetu alifariki pale kambini, tukamzika, tukarudi kutoka makaburini tukakaa tu, tukitazamana. Kwetu mtu hazikwi mkavukavu. Watu wakishanawa mikono wanakaa pamoja, wanakunywa kidogo, wanamtaja marehemu, wanajua nani wa kuhurumiwa na nani ana kinyongo. Siku ile hapakuwa na kitu. Mjane wake alilia zaidi kwa aibu ile kuliko kwa kifo chenyewe.

Nikajiambia, mimi ninajua kupika pombe ya mtama, bibi yangu alinifundisha. Nikauza kitenge kimoja, nikanunua mtama sokoni Lumbadzi na chungu kikubwa cha udongo. Siku ya kuondoa matanga pombe ilikuwa tayari. Watu wakaketi kukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Dzaleka nikasikia Warundi wakicheka pamoja.

Kesho yake wakarudi. Na kesho kutwa. Leonidas akajenga ukuta mdogo na mabenchi ya udongo, tukaezeka nyasi. Watu wakapaita Kwa Mama Aline.

Walokole walisema nimefungua nyumba ya shetani. Nawaambia ukweli, mambo mengi mema yalitokea pale. Aliyesikia kwamba kuna mjengo Lilongwe unahitaji vibarua alikuja kusema kwenye kabare, na asubuhi wanaume kumi walikuwa barabarani. Barua zilizoletwa na madereva wa malori ziliachwa kwangu. Redio ilikuwa moja, ya Mwalimu Gaspard, mzee aliyefundisha shule kwetu na kuheshimiwa na wote. Aliileta kila saa kumi na moja jioni tukasikiliza habari za nyumbani, na wenye kulia walilia bila kuona haya.

Palikuwa na wanaume wawili wasiosalimiana kwa sababu ya yaliyotendeka kule kwetu. Mnajua ninachosema. Mwalimu Gaspard aliwakalisha kwenye chungu kimoja, akawapa mirija miwili, akawaambia kwamba huku wote ni wageni. Walikaa kitambo hakuna anayeinama. Kisha mmoja akainama, akavuta. Mwenzake naye akavuta. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio mkononi, machozi yakanitoka. Nilijiona mtu mwenye maana sana...

Lakini kabare ina sheria zake, na sheria hii niliitunga mimi mwenyewe. Yanayosemwa pale yanabaki pale. Mwanaume akija na shida zake, sitazipeleka kwa mkewe. Akija na mtu asiye mkewe, sikuona. Nilikuwa na msemo wangu, wateja waliupenda, wakauimba kama wimbo wa kanisani: kabare haina kinywa!

Palikuwa na mama mmoja Mkongomani kutoka Fizi, Mama Riziki. Mumewe, Baba Riziki, alikuwa fundi cherehani, na kila Jumamosi alikuja kwangu na msichana mmoja, wakakaa kwenye kichumba cha nyuma nilikoweka mtama. Kambi nzima ilijua. Siku moja Mama Riziki alinijia mchana, kabla sijafungua. Alikuwa na mtoto mgongoni na mimba ya mwingine tumboni. Hakuja kwa ugomvi.

“Mama Aline,” akaniambia, “mi na we tuko banamuke. Niambie tu kweli. Bwana yangu anakuyaga hapa na mwanamuke?”

Nilimtazama machoni. Nikamjibu kwamba Baba Riziki anakuja kusikiliza redio, anakunywa soda, anakwenda zake.

“Unaapa?”

“Mama, kabare haina kinywa. Lakini kama ingekuwa nacho, kingekuambia vile vile ninavyokuambia.”

Nilijiona nina akili! Alinishukuru, akasema Mungu anibariki, akaondoka taratibu akishika kiuno. Baada ya miezi michache msichana yule alihamia nyumbani kwa Baba Riziki, na Mama Riziki akatolewa nje na wanawe, mchana kweupe, masufuria yake yakitupwa nyuma yake. Hakuja kunitukana. Aliacha tu kunisalimu.

Hilo ndilo ungamo langu. Yanayofuata ni malipo yake.

Mwaka wa pili wa kabare akaanza kuja dada mmoja, Odette. Alikuwa mkimbizi kama sisi, lakini alipanga chumba mjini, Area 36, akiuza nguo za mitumba. Alikuja Dzaleka mwisho wa juma akiwa na habari za mji na peremende za watoto. Mimi ndiye niliyemkaribisha. Nilimchagulia mishikaki iliyoiva vizuri. Alikuwa hana mume wala mtoto, na nilimwonea huruma. Alimsuka Aline nywele, mtoto akimkalia mapajani kwa saa nzima bila kulalamika, wakati mimi nikimsuka alilia.

Leonidas wakati ule alikuwa na kazi ya ujenzi Area 49. Alikwenda Jumatatu akarudi Ijumaa. Akaanza kumchukua Aline, siku mbili, siku tatu, akisema mtoto auone mji, ajifunze Kichewa na Kiingereza. Nami nikaona ni nafasi ya kupika pombe bila mtoto kunizunguka motoni.

Mara moja Aline aliniambia jambo. Nilikuwa nikimwogesha. Akasema, “Mama, kule mjini mama ni da Odette. Huku ni weye.”

Nikamuuliza ana maana gani.

“Papa amesema njo muchezo,” akajibu, akaendelea kupiga maji kwa viganja vyake.

Nilimuuliza Leonidas. Akacheka kile kicheko chake. Akaeleza kwamba mwenye nyumba wa Odette hapendi wageni, basi walimwambia mtoto ni wake ili wasisumbuliwe. Nikaamini. Ndugu zangu, mtu anapotaka kuamini, hata moshi anauita mawingu!

Baada ya hapo Odette aliazima kitenge changu cha kijani chenye ndege weupe, akisema ana ubatizo wa kusimamia mjini. Nilimpa na kilemba chake.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, mwezi wa nane. Leonidas alisema anampeleka Aline hospitali Lilongwe, meno yake ya mbele yalikuwa yanaoza. Wangekaa siku tatu. Nilimfulia nguo zake mbili nzuri. Nilishangaa kuona Leonidas amebeba begi kubwa, akaniambia ndani kuna vifaa vya kazi. Aline alinipungia mkono mpaka kwenye kona ya ghala la chakula. Ilikuwa Jumanne, jua limewaka, watu wakichota maji.

Jumamosi hawakurudi. Nilikuwa nimepika vyungu vitatu, kwa sababu palikuwa na watu wa kuposa, na kwetu posa bila pombe si posa. Lakini siku ile kabare ilikuwa ya ajabu. Watu walikuja wakanywa kimya. Nikipita na maji ya moto ya kuongeza kwenye chungu, mazungumzo yanakatika. Baba Riziki hakuja kabisa. Mwalimu Gaspard alikuja, akakaa kidogo, akaomba radhi kwamba redio imeharibika, akaenda. Nilifikiri labda kuna msiba wananificha mpaka watu wamalize kula. Na kweli ulikuwepo msiba!

Jumapili, watu walipokuwa wakitoka kanisani, nilikuwa nimesimama kando ya barabara nikitazama kila gari lililotoka upande wa Lumbadzi. Mama Riziki akaja. Hatukuwa tumesemeshana zaidi ya mwaka mzima. Alisimama mbele yangu na watoto wake wawili.

“Unangojea nani?” akauliza.

Nikamwambia namngoja mume wangu na mtoto.

“Balisha enda, mama. Siku ya ine. Na ndege. Leonidas, mutoto, na Odette. Balienda Bulaya.”

Ulaya, tangu Alhamisi? Nilicheka. Nakumbuka nilicheka, nikamwambia asinitanie siku ya Bwana. Hakucheka. Nikamshika mkono, nikamuuliza nani amemwambia.

“Bantu bote banajua. Tangu mwezi wa sita banajua.”

“Na wewe ulijua?”

“Nilijua.”

“Mama Riziki! Ukanyamaza? Na wewe ni mama?”

Akautoa mkono wake mkononi mwangu, polepole, bila hasira. “Kabare haina kinywa. Si we njo uliniambia?”

Akaenda zake na watoto wake. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi, na waumini wakanipita kushoto na kulia na Biblia zao.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la mahindi hadi mjini. Nilizunguka kutwa nikiuliza, mpaka nikaonyeshwa ofisi ya wafadhili fulani waliokuwa wakizipeleka familia chache za wakimbizi ng'ambo. Nilimkuta karani Mmalawi, mtu mzima, mpole. Nilieleza yote kwa Kichewa changu kibovu, nikichanganya na Kiswahili na machozi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikwenda akaleta faili.

Ndani palikuwa na picha. Leonidas amevaa koti, Aline katikati na nywele zilizosukwa, na Odette... amevaa kitenge changu cha kijani chenye ndege weupe, na kilemba changu kichwani! Chini ya picha pameandikwa baba, mama, mtoto.

Nilimwambia karani kwamba mama ni mimi. Akaomba kadi ya familia. Nikatoa kadi yangu. Aliitazama mbele na nyuma. Jina langu tu.

“Pepani, mayi,” akasema. Pole, mama. Akanieleza kwamba hawakuwapokea kijinga. Waliwaita mashahidi watatu kutoka kambini, watu wanaoheshimika, wakaapa mmoja mmoja kwamba Odette ni mke wa Leonidas na mama wa yule mtoto. Akanisomea majina.

La kwanza, Mwalimu Gaspard. La pili, Baba Riziki. La tatu silitaji, mwenyewe amekwisha kufa.

Wote watatu walikuwa wateja wangu! Wote watatu nilikuwa najua kila mmoja anapenda kukaa benchi gani!

Nilimwomba karani wamrudishe mwanangu. Aliandika barua, nashukuru aliandika. Alinionya kwamba dunia ni kubwa, na karatasi zikishapigwa mhuri zinakuwa ngumu kuliko mawe. Zikomo, asante, nikamwambia, maana sikuwa na neno jingine.

Kesho yake nilirudi kambini nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Gaspard. Alikuwa ameketi nje ya mlango akichambua maharage. Aliponiona akainuka, akakaa tena. Sikumsalimu. Nilimuuliza swali moja tu: nimekukosea nini?

“Hukunikosea kitu, mwanangu,” akasema. “Keti.”

“Siketi. Niambie ilikuwaje.”

Maharage yalikuwa yakimwanguka vidoleni. Ndipo akaanza kueleza kwamba Leonidas aliwakusanya siku moja, akawaambia kuna nafasi ya kwenda ng'ambo, lakini inatakiwa familia kamili. Akasema yeye na mimi tumekwisha kuachana kimoyomoyo, ila tunaficha kwa sababu ya biashara. Akasema mimi nimekubali mtoto aende, kisha akifika huko atanivuta na mimi.

“Na ninyi mkaamini? Mliniuliza?”

“Kila mtu anatamani mmoja wetu avuke, ili avute wengine. Tulifikiri ni vyema.”

“Mliniuliza, Mwalimu?”

Akaokota maharage yaliyomwanguka. Nikamuuliza aliwakusanya wapi. Ndipo mzee yule akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

“Kwako,” akasema. “Ulikuwa umeenda mashineni kusaga. Alitufungulia chungu. Tulikunywa wote watatu na yeye, mrija kwa mrija. Ukishakunywa pombe ya mtu, mama, ukishainama naye kwenye chungu kimoja... utasimamaje kesho umkane? Kwetu haiwagi hivyo. We mwenyewe unajua.”

Nilijua! Ndiyo maana maneno yale yaliniua. Pombe ile niliipika mimi. Nililoweka mtama mimi, nikauanika, nikausaga, nikachochea moto siku mbili macho yakiwaka moshi. Walikunywa jasho langu, na kwa jasho hilo hilo wakafunga agano la kuninyang'anya mwanangu. Na ile heshima ya chungu kimoja niliyokuwa nikijivunia, ile iliyopatanisha maadui, ndiyo iliyowaziba midomo!

Nilikwenda kwenye kabare. Ilikuwa saa nane mchana. Nilitoa vyungu vyote saba nje, kimoja kimoja, nikavipasua kwa mchi. Pombe iliyosalia ya posa ikamwagika mpaka barabarani, kuku wakaja kunywa. Watu walijaa, hakuna aliyenishika. Mwanaume mmoja nyuma alisikika akiuliza sasa leo tutakunywa wapi. Nilimsikia kwa masikio yangu!

Baba Riziki nilimfuata kwenye cherehani yake. Nilimkumbusha kwamba nilimfichia siri yake na mkewe akaumia. Aliendelea kukanyaga cherehani, akasema kumbe basi najua mambo yanavyokuwa kati ya watu wanaokunywa pamoja. Hakuinua macho kutoka kwenye suruali aliyokuwa akishona.

Niliugua miezi miwili. Nilipopata nguvu nikahamia hapa Area 36, si kwa biashara, nilitaka kuuona mlango wa Odette. Nikaukuta. Wapangaji wengine walikuwa wamekwisha kuingia. Jirani mmoja Mmalawi alinieleza, bila kujua mimi ni nani, kwamba alikaa pale mwanamke Mrundi mwenye binti mzuri sana, na kila binti alipokosea na kumwita kwa jina, alinyimwa nsima, ugali wa huku, mpaka aseme mama. Wakati huo mimi nilikuwa nikikoroga pombe, nikifurahi kwamba mtoto anauona mji...

Mwaka ukapita, na nusu. Nilimwendea Mama Riziki. Nilipiga magoti mbele ya mlango wake, nikamwambia nilimdanganya, na nilijua ninamdanganya, na nilifanya hivyo ili nisipoteze wateja. Alisikiliza akiwa amesimama. “Nimesikia,” akasema, akarudi ndani. Hakuniambia ameniachilia. Sikuwa na haki ya kumdai.

Miezi mitatu iliyopita Mwalimu Gaspard alikuja kunitafuta huku mjini, amechoka, ametembea sehemu kubwa ya njia. Alikuwa na bahasha yenye stempu za kigeni, imetumwa kwa anwani ya kanisa la kambini. Hakutaka kuingia. Alinipa kwa mikono miwili, akasimama mlangoni.

Hakukuwa na barua. Palikuwa na picha ya Aline, amevaa koti nene jekundu, amesimama kwenye theluji. Amerefuka! Meno yale ya mbele yameota mapya. Niliibusu picha ile mbele ya mzee bila kuona haya. Kisha nikaigeuza.

Nyuma palikuwa na mwandiko wa mtoto anayejifunza kuandika, herufi kubwa zinazopanda na kushuka. Neno moja tu: TANTINE.

Shangazi. Ndivyo walivyomwambia. Kwamba kule Afrika kuna tantine fulani, mwanamke fulani, aliyewahi kumwogesha.

Mwalimu Gaspard alilia. Mimi sikulia. Nilimwambia arudi kambini, na hapo atakapofika aseme mbele ya wote, kwenye kabare yoyote atakayoikuta, alichokifanya. Nasikia alisema. Nasikia watu walimsikiliza, wakatikisa vichwa, wakaagiza chungu kingine.

Wasomaji wenzangu, siwaambii msinywe. Nimeona kwa macho yangu kabare ikizika wafu wetu, ikiwapa kazi wasio na kazi, ikiwaunganisha waliotaka kuuana. Mahali kama pale wakimbizi wanapakumbuka kuliko hata kanisa. Lakini urafiki wa chungu usiwafanye mkauza ulimi wenu. Ukishainama kunywa, inuka ukiwa bado mtu!

Dada zangu wenye kabare, mwanamke mwenzako akija mchana na mtoto mgongoni akakuuliza, mwambie. Utapoteza mteja mmoja. Mimi nilimbakisha mteja, mnaona nilichopoteza.

Na ninyi mlio kwenye kambi, popote mlipo, msicheke mnapoambiwa kwamba karatasi siyo ndoa. Nendeni leo mkaunganishe kadi zenu. Foleni ikiwa ndefu, kaeni kwenye foleni!

Kwa Leonidas na Odette sina neno. Lakini huko waliko kuna watu wetu wengi, na gazeti huzunguka mikono mingi. Msomaji wa huko, ukimwona msichana wa miaka saba, Mrundi, mwenye kovu dogo chini ya sikio la kushoto alipoungua uji akiwa mchanga, mwambie polepole, usimtishe. Mwambie yule wa Lilongwe si tantine. Ni mama yake. Alimzaa, alimnyonyesha, na bado yuko hai.